Ekzosi ya Mzee Zachariah Makori

Wasikilizaji wapendwa, bwakire buya. Mmeamkaje huko Nyamira? Mmeamkaje hapa Kisii? Na wewe uliyetundika redio kwenye mparachichi ukichuma majani chai, umeamkaje? Mimi ni Phanice. Leo sina utani mwingi, mtanisamehe.

Leo tunamkumbuka Mzee Zachariah Makori wa Sironga. Zachariah Makori, afisa wa mifugo mstaafu. Mzee wa kanisa. Mume wa Mama Damaris. Baba yake Ian. Alituacha akiwa na miaka sitini na sita, na leo ni wiki ya sita tangu tumzike.

Kama jina hulijui, nikikutajia pikipiki utamjua. Ile pikipiki kubwa nyeusi, kiti kiko chini, usukani mpana, miguu imenyooshwa mbele kama ya mtu aliyekaa kwenye kochi. Wenyewe wanaiita kruza. Ile iliyokuwa ikipita hapa mjini ikinguruma polepole, du, du, du, halafu ikiteremka inakohoa mara mbili. Eeh, huyo huyo.

Sasa nataka niwasimulie habari za ekzosi, lile bomba la moshi, ya hiyo pikipiki. Msinicheke. Mimi mwenyewe nilicheka, na nitawaambia nilivyoaibika.

Tuanze na mwenyewe. Zachariah Makori alitibu ng'ombe kwa miaka thelathini na mmoja. Kutoka Sironga mpaka Nyaramba, hakuna zizi asilolijua. Alikuwa mtu wa kimya. Kimya kabisa! Alikuwa akifika nyumbani kwako, anamsalimia ng'ombe kwanza, kwa kunong'ona, halafu wewe. Huyu ndiye mzee aliyewahi kusimama kanisani akaomba spika za kwaya zipunguzwe. Kwaya ilimnunia mwezi mzima.

Tena alikuwa Msabato wa kisawasawa. Shamba lake lilikuwa limejaa majani chai, lakini chai yenyewe hakuigusa. Ukimtembelea, unapewa uji wa wimbi. Ukiuliza chai, anakuonyesha shamba. "Iko pale," anakuambia, "kachume."

Alipostaafu, alinunua ile kruza kutoka kwa daktari mmoja aliyekuwa akihama. Nayo ilikuwa kimya kama yeye. Sauti ya kiwandani. Ikipita nyuma yako unaweza usigeuke. Mzee aliipenda kwa sababu hiyo. Mwanawe Ian aliniambia habari za baba yake, "Tata alikuwa anasema amepata pikipiki yenye adabu."

Lakini miaka hiyo hiyo, macho ya Mama Damaris yakaanza kufifia. Presha ya macho. Walizunguka kliniki zote mpaka wakachoka. Kwanza akawa haoni pembeni. Halafu haoni nyuso. Halafu haoni. Mzee Makori akafunga kamba kutoka mlango wa jikoni mpaka getini, hatua sitini na mbili, na kila hatua kumi akaipiga fundo. Mama Damaris anaishika kamba, anatembea, anajua amefika wapi. Alikuwa akienda mwenyewe kwenye mboga zake, anachuma chinsaga kwa kupapasa, anarudi. Aliniambia, "Nilikuwa nimeshazoea. Nilikuwa naona kwa mikono."

Halafu ikaja ile Jumanne.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka. Mzee alikuwa ameenda Nyaramba kumwangalia ndama wa jirani wa zamani. Mama Damaris akasikia pikipiki imesimama getini. Honi, mara mbili. Mzee Makori naye alikuwa akipiga honi mara mbili. Basi mama akashika kamba yake, akaenda, akafungua.

Hakuwa mzee. Alikuwa mtu mwingine. Na huyo mtu hakupiga mtu, hakutukana mtu. Alisalimia vizuri. Akasema, "Mama, nimetumwa na mzee nichukue mtungi wa gesi ukajazwe." Mama Damaris akamwelekeza jikoni. Jamaa akabeba mtungi. Akabeba na redio. Redio, wasikilizaji! Redio aliyokuwa akinisikiliza nayo mimi!

Mama Damaris aliniambia neno moja ambalo halijanitoka mpaka leo. Aliniambia, "Phanice mwanangu, nilimshukuru. Nilimshika mkono nikamshukuru."

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Si mtungi, mtungi hununuliwa. Ni mama mwenyewe. Akajifungia ndani. Mnajua ile barabara ya Sironga, bodaboda hazikatiki. Kila moja ikipunguza mwendo, mama moyo unaruka. Kila moja ikizima injini karibu, anajificha nyuma ya kabati. Chinsaga ikakomaa shambani ikatoa maua. Kamba ikabaki pale, haishikwi.

Hata mzee mwenyewe akawa hafunguliwi. Anapiga honi, kimya. Anaita, kimya. Mwishowe mama anatokea mlangoni, anauliza kutoka huko huko, "Ng'ombe wa kwanza wa mahari yangu alikuwa wa rangi gani?" Na mzee wa watu, amesimama getini, mvua inamnyeshea, anajibu kwa sauti, "Mwekundu! Ana doa jeupe kwenye paji!" Majirani wanasikia. Watoto wa jirani wakaanza kuulizana hivyo hivyo wakicheza.

Inachekesha. Lakini mama hakuwa akicheka. Jioni moja wakila, akamwambia mumewe, "Baba Ian, hiyo pikipiki yako haina sauti. Inafika kama mwizi. Nataka nikusikie ukiwa bado mbali. Nataka nijue ni wewe kabla sijashtuka."

Mzee Makori, mtu aliyechukia kelele maisha yake yote, hakubisha. Asubuhi yake alimkalisha mke wake nyuma, wakaja Kisii, kwa fundi Duke Osoro, yule mwenye kibanda nyuma ya soko. Fundi Duke anafunga ekzosi za kila aina, za kununua kando, si zile zilizotoka na pikipiki kiwandani.

Duke ndiye aliyenisimulia siku hiyo. Anasema mzee aliingia, akavua kofia, akasema, "Fundi, nataka ekzosi. Lakini anayechagua ni huyu."

Duke akatoa ya kwanza. Akaanza, "Mama, angalia inavyong'aa," halafu akajiuma ulimi. Mama Damaris akacheka. Mama mwenyewe anasema ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ile Jumanne. Akamwambia, "Sijaja kuangalia, mwanangu. Washa."

Hiyo ya kwanza ilikuwa fupi, wazi kabisa, ndani haina kitu cha kupunguza sauti. Duke akawasha. Ala! Kuku wa mama muuza mahindi wakaruka mpaka kwenye paa. Duke alikuwa akitabasamu, hiyo ndiyo vijana wanaipenda. Mama Damaris akatikisa kichwa. "Hii inapiga kelele tu. Kelele zote zinafanana."

Ya pili ilikuwa nyembamba. Ililia juu, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Mama akasema, "Hii ni bodaboda."

Ya tatu Duke aliitoa chini ya meza. Ndefu, chuma kisichoshika kutu, haina urembo wowote. Aliifunga kwa sababu mzee alimwomba, yeye mwenyewe hakuiamini. Akawasha. Ikanguruma chini, polepole, na kati ya mngurumo na mngurumo kuna kanafasi. Du. Du. Du.

Mama Damaris akasema, "Tena."

Duke akawasha tena.

Basi mama akasema, sasa nipelekeni mbali. Wakampeleka mwisho wa kichochoro, akakaa kwenye kigoda, uso ukutani. Akamwagiza Duke aende na pikipiki mpaka barabara kuu, ajichanganye na bodaboda zote za Kisii, halafu arudi bila kupiga honi. "Nikikusikia nitainua mkono," akasema. "Baba Ian, wewe simama hapa uangalie kama nadanganya."

Duke akaenda. Barabara kuu mnaijua ilivyo siku ya soko. Malori, bodaboda, wahubiri na vipaza sauti vyao. Mama amekaa kimya. Pikipiki moja ikapita, mkono uko magotini. Ya pili, ya tatu, mkono uko magotini. Halafu mkono ukainuka. Mzee Makori akatazama barabarani, haoni kitu. Akahesabu mpaka ishirini ndipo kruza ikatokea kwenye kona.

Wakarudia mara tatu. Mara tatu mama aliinua mkono kabla mwenye macho hajaona kitu. Duke anasema mara ya tatu alimkuta mzee ametoa kitambaa, anajifuta uso, anasingizia vumbi.

Nisikilizeni sasa, maana hapa ndipo fundi na mama walipogombana. Ekzosi hii mpya ilikuwa inapumua zaidi kuliko ile ya kiwandani. Pikipiki ikipumua zaidi, mafuta kwenye kabureta lazima yarekebishwe, la sivyo ukipunguza mafuta wakati wa kuteremka, bomba linakohoa. Puh, puh. Duke akachukua bisibisi atoe hiyo kasoro. Mama Damaris akamshika mkono.

"Hicho kikohozi kinatoka lini?" akauliza.

"Mkiteremka, Mama. Mzee akipunguza mafuta."

"Kwetu kuna mteremko. Kutoka kituo cha majani chai mpaka getini kwangu ni mteremko. Kiache."

"Mama, hiyo ni kasoro. Watu watasema Duke hajui kazi."

"Ni kasoro yangu. Iache."

Duke alinung'unika, lakini alifanya kama alivyoambiwa. Alirekebisha kabureta nusu tu, injini isiumie, kikohozi kikabaki. Akaongeza na kizuizi cha bati juu ya bomba, ili mama akipanda asichome mguu. Ile ekzosi ya kiwandani akaifunga kwa gunia, akaitundika kwenye msumari kibandani kwake. Mzee alimwambia aitunze.

Kuanzia siku hiyo Mama Damaris alirudi kwenye kamba yake. Bodaboda zipite zinavyotaka, zisimame zinavyotaka, yeye yuko kwenye chinsaga zake. Siyo yeye, siyo yeye, siyo yeye. Halafu kutoka kituo cha majani chai, du, du, du. Anaacha mboga, anashika kamba. Kwenye mteremko, puh, puh. Anapofika fundo la sita, mzee anafika getini. Geti linafunguka kabla hajasimama. Hakuna tena mambo ya rangi ya ng'ombe.

Sasa kuhusu mimi. Mimi sikuyajua haya yote. Mimi naishi Nyanchwa, nateremka asubuhi kuja studio, na siku moja ile pikipiki ikanipita. Nikatazama, nikaona mzee mwenye mvi, tai shingoni, na Biblia imefungwa nyuma. Wacha! Nilipofika hapa kwenye maikrofoni, mdomo wangu huu mnaujua. Nikasema hewani, "Kuna mzee mmoja wa kanisa, jamani, ana ekzosi ya kuamsha wafu kabla ya parapanda. Wazee wengine uzee unawaingia vibaya." Nikacheka. Mkanitumia jumbe, mkacheka nami. Msijifanye hamkumbuki.

Simu ikalia hapa studio. Nikaipokea hewani, nikidhani ni mtu anataka kuongeza chumvi. Sauti ya mama mtu mzima ikasema, "Bwakire, Phanice. Mimi ndiye mwenye hiyo ekzosi."

Nikamuuliza, "Wewe ndiye unayeendesha, Mama?"

Akasema, "Hapana. Mimi sioni. Ndiyo maana niliichagua."

Wasikilizaji, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nilizima maikrofoni kipindi kikiendelea. Nikaweka wimbo. Nilikuwa na aibu ya kutosha gunia zima.

Jumapili yake nilienda Sironga kuomba radhi. Mzee Makori alinipokea getini, akanipa uji wa wimbi, na hakuniambia neno lolote la kunilaumu. Nilipojaribu kueleza, alisema tu, "Uji unapoa, binti yangu." Huyo ndiye Zachariah Makori. Nikawa mtu wa kwenda pale. Nikaona mambo kwa macho yangu. Niliona kwamba siku ya Sabato, mzee alikuwa akizima injini kule juu kwenye kituo cha majani chai, akishuka, akiisukuma kruza yote ile mpaka kanisani, tai shingoni, jasho linamtoka, na Mama Damaris ameshika kiti kwa nyuma anafuata. Kanisani hawakuwahi kusikia hiyo ekzosi hata siku moja. Kelele alimwekea mke wake tu.

Mwezi wa pili mwaka huu, kifua kikaanza kumbana. Ilikuwa mchana. Ian alikuwa nyumbani na gari, akampakia baba yake haraka. Mzee hakupanda kruza siku hiyo. Kruza ilibaki stoo. Mama Damaris alisimama getini ameshika kamba, akasikia gari linaondoka. Aliniambia, "Aliondoka kimya. Kwa mara ya kwanza aliondoka kimya." Siku ya tatu, hospitalini, Mzee Zachariah Makori alipumzika.

Na mimi, wasikilizaji wapendwa, nikakosea tena. Nia ilikuwa njema. Nilisoma tangazo la mazishi hapa, halafu nikaongeza langu. Nikasema, "Waendesha pikipiki wote, tukutane Kisii Alhamisi tumsindikize mzee. Fundi Duke atatangulia na kruza yenyewe, tupige resi mpaka Sironga, mbingu zisikie." Mnajua mazishi yetu siku hizi. Bodaboda, honi, moshi, injini zinalia. Nilidhani ndiyo heshima.

Simu ikalia. Safari hii haikuwa hewani.

"Phanice mwanangu," Mama Damaris akasema, "nakuomba. Usiniletee hiyo sauti. Nikiisikia pale kwenye kituo cha majani chai, nitashika kamba. Nitaenda kufungua geti."

Mimi nikalia. Akanisubiri nimalize.

Alhamisi pikipiki zilikuja zaidi ya sabini. Kruza haikuwepo, Duke alikuwa ameiacha stoo. Na tulipofika kituo cha majani chai, Duke aliinua mkono, injini zote zikazimwa. Zote. Hata gari la maiti dereva alizima, akaliacha lishuke lenyewe kwa breki. Wanaume sabini wakasukuma pikipiki zao kuteremka mlima, kimya, viatu tu vinasikika kwenye changarawe. Mama Damaris alikuwa amekaa ndani kwenye kiti chake. Alipoambiwa mzee amefika, akauliza, "Amefika? Saa hii?" Hakuwa amesikia kitu.

Sasa lile la mwisho, ndiyo nawaachia. Ian anafanya kazi Nakuru, kruza haendeshi. Mama alisema iuzwe, isioze stoo. Mwalimu mmoja wa Nyaramba akajitokeza kuinunua. Lakini kabla hajaja, Mama Damaris alimwita Duke. Akamwambia alete ile ekzosi ya kiwandani, ile ya kwenye gunia.

Duke akaja nayo, akadhani hajasikia vizuri. "Mama, hii nzuri ndiyo mwalimu anaitaka. Ameisikia mjini."

"Najua," mama akasema. "Apewe pikipiki. Sauti si ya kuuza. Nitaishije hapa, Duke, mtu mwingine akipita barabarani na mume wangu?"

Duke alifungua bolti. Akarudisha ya kiwandani. Akarekebisha kabureta vizuri, kikohozi kikaisha. Mwalimu akaja, akawasha, akaondoka. Mama Damaris alikuwa jikoni anachambua chinsaga. Nilikuwa nimekaa naye. Bodaboda mbili zilipita, halafu pikipiki nyingine, halafu kimya.

Akamuuliza Ian, "Anaondoka saa ngapi?"

Ian akasema, "Ameshaondoka, Mama."

Akasema, "Mbuya mono." Ni vizuri sana. Akaendelea na mboga.

Ekzosi iko kwake, sebuleni, imesimamishwa kando ya kiti chake. Ameifuta masizi.

Kwa Mama Damaris, kwa Ian, kwa kanisa la Sironga na wote waliowahi kutibiwa ng'ombe na Zachariah Makori, poleni sana kutoka kwetu sote hapa studio. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, leo ukirudi kwako, jiulize unafikaje. Kuna mtu ndani anakusubiri. Je, anajua ni wewe kabla hajashtuka?

Mama Damaris, najua redio mpya unayo na umeiwasha. Kesho nakuja kwako. Sina pikipiki na sauti yangu unaijua. Nitaanza kuita pale kwenye kituo cha majani chai, nitaita mpaka getini. Usiniulize rangi ya ng'ombe.